Wakili wa Kiongozi na Fedha za Watu

Mtu avukaye kwa miguu katika Feri ya Likoni haulizwi nauli. Huteremka pamoja na maelfu ya wenzake, husimama bandani mpaka lango lifunguliwe, kisha huingia chomboni na kuvushwa hata ng'ambo bila ya kutoa senti. Mwenye motokaa hulipa; mwenda kwa miguu halipi. Walakini mafuta ya chombo hununuliwa, mabaharia hupokea mishahara, na vyuma huliwa na kutu vikatengenezwa upya. Basi yuko alipaye, ijapokuwa hatumwoni akitia mkono mfukoni.

Nalikuwa nikivuka hapo asubuhi moja, nikirejea kisiwani kutoka kwa jamaa zangu wa Likoni, niliposikia mabishano ya watu wawili waliosimama ubavuni mwangu. Mmoja alikuwa mzee mwenye kofia ya viua, na wa pili kijana aliyechukua mfuko wa vitabu begani. Habari yao ilikuwa ya mheshimiwa mmoja aliyechaguliwa na watu, na ambaye wakati huo alikuwa na kesi mahakamani.

"Ami," kijana alisema, "yule tulimchagua sisi. Akishtakiwa yeye, tumeshtakiwa sisi. Kwa nini asilipiwe wakili na serikali?"

Mzee akamtazama kitambo. "Mwanangu, mimi nikishtakiwa kwa kuku wa jirani, utanilipia wewe?"

"Kuku si kazi ya serikali, Ami."

"Na wewe umejuaje kwamba kesi yake si ya kuku?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mara chombo kikagusa nchi, lango likashushwa, na umati ukawabeba wote wawili, mmoja huku na mmoja huku. Sikupata kusikia mwisho wa maneno yao. Lakini swali lile lilinifuata mpaka chuoni, ambako kazi yangu ni kuwafunza vijana wawe walimu, na tangu siku hiyo nimeliweka mara nyingi mbele ya wanafunzi wangu: mtu aliyechaguliwa na umma akiitwa mahakamani, ni nani apaswaye kumlipa wakili wake? Laonekana kuwa swali la jana na juzi, lililozuka pamoja na magavana na wabunge wa siku hizi. Sivyo. Ni swali la zamani kuliko Uhuru wetu, na wazee wetu walilijibu kwa vitendo kabla halijaandikwa katika sheria.

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo husemwa kama kwamba ni moja. Fedha za watu huweza kuwa fedha ambazo watu wamezitoa kwa hiari yao, kila mtu na senti zake, kwa sababu wampenda fulani au waliamini neno lake. Huo ni mchango, na watu wa pwani wameujua tangu kale katika harusi, katika maziko, na katika kujenga misikiti. Tena fedha za watu huweza kuwa kodi na ushuru uliokusanywa na serikali na kuwekwa katika hazina, au baitulmali kama walivyoiita wazee. Katika mchango, mtoaji ajua ampa nani na kwa kazi gani. Katika kodi, mtoaji akishatoa amekwisha. Aliye na ufunguo wa sanduku ndiye aamuaye. Msomaji na aikumbuke tofauti hii, kwa maana nitairudia.

Kutoka Feri mpaka Ngome ya Yesu si mwendo wa kumchosha mtu mzima. Ukifika hapo utaona, karibu na Ngome, jengo la zamani la mahakama lililojengwa mwaka 1902. Ngome yenyewe ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hata 1958. Kwa hiyo jela na mahakama zilikuwa jirani, na mwenye kutiwa hatiani hakuwa na safari ndefu. Wengi wa wale waliosimama kizimbani enzi zile hawakuwa na wakili. Walijieleza wenyewe kwa lugha yao, mkalimani akayapeleka maneno yao kwa Kiingereza, hakimu akaandika. Wakili alikuwa kitu cha wenye mali, na ilikuwa haidhaniwi kwamba serikali imshtakiyo mtu yaweza tena kumtafutia wa kumtetea. Basi viongozi wa Waafrika walipoanza kuitwa mahakamani kwa sababu ya siasa, swali la gharama liliwakuta wakiwa mikono mitupu.

Kesi iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Kapenguria. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari katika Kenya, na kabla ya jua kuchomoza viongozi wengi wa chama cha Kenya African Union, yaani KAU, walikuwa wamekamatwa. Miongoni mwao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye wanachama walikuwa wamemchagua kuwa rais wa chama mwezi Juni 1947. Yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba, walishtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Hawakuwa wabunge, kwa kuwa wakati huo Mwafrika hakuwa na kura ya kumpeleka mtu katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika wachache waliokuwamo Barazani waliteuliwa na Gavana. Lakini kama walikuwako watu ambao Waafrika waliwachagua kwa hiari yao wenyewe, basi ni hawa.

Kesi yao haikusikilizwa Nairobi wala Mombasa. Ilipelekwa Kapenguria, kaskazini ya Kitale, katika wilaya ambayo mtu hakuruhusiwa kuingia ila kwa kibali. Palikuwa hapana hoteli, hapana maktaba ya sheria, hapana simu. Mahakama ilikaa katika chumba cha shule, na kila nikifika katika habari hii darasani hunyamaza kidogo, kwa sababu chumba cha shule ni kitu nikijuacho, na sikukijua kwa kazi hiyo. Mawakili walilala Kitale, zaidi ya maili 20 kutoka hapo, wakaenda na kurudi kila siku kwa njia ya vumbi. Na kwa ajili ya ubaguzi wa rangi wa siku zile, Mwingereza na Mhindi waliokuwa wakitetea kesi moja, kwa hoja zile zile, hawakuweza kulala katika hoteli moja.

Mwingereza huyo alikuwa D. N. Pritt, wakili mwenye sifa kubwa, aliyekuwa mbunge katika Bunge la Uingereza tangu mwaka 1935 mpaka 1950. Pamoja naye walikuwako A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, Chaman Lall, aliyetumwa kutoka India na Waziri Mkuu Nehru, H. O. Davies wa Nigeria. Na Dudley Thompson wa Jamaika, ambaye alikuwa akifanya kazi ya uwakili katika Tanganyika. Watu wa mabara mbalimbali walikutana katika chumba kimoja cha shule kuwatetea wanaume sita. Hazina ya Kenya haikuwalipa. Utetezi ulisimama kwa michango iliyotafutwa nchini na ng'ambo, kwa msaada wa rafiki, na kwa mawakili waliokubali kuacha kazi zao nyingine kwa miezi. Pritt mwenyewe, kabla kesi haijafika mbali, alishtakiwa kwa kudharau mahakama kwa sababu ya simu ya maandishi aliyowapelekea wabunge wa Uingereza akilalamika juu ya mwendo wa kesi. Akaenda Nairobi kujitetea, akashinda, akarudi Kapenguria kuwatetea wengine.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Hakimu aliyesikiliza kesi hiyo, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa shauri hili. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba serikali ilimpa pauni 20,000 mbali na mshahara. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi alioutoa juu ya Kenyatta ulikuwa wa uwongo, na kwamba serikali ilikuwa imemwahidi safari ya kwenda Uingereza kusoma, matunzo ya jamaa zake, na kazi atakaporudi. Mwaka uliofuata alishtakiwa, si kwa kusema uwongo Kapenguria, bali kwa kuapa kwamba alisema uwongo, akafungwa miezi 21. Nawaacha wanafunzi waitafakari hukumu hiyo kwa nafasi yao.

Jambo nitakalo kulionyesha ni hili. Watu husema siku hizi, "Fedha za umma zisiingizwe katika kesi za viongozi." Lakini katika Kapenguria zilikuwa zimeingia, tena kwa wingi. Zilimlipa mshtaki, zikamlipa hakimu, zikamtunza shahidi. Aliyekosa ni mshtakiwa peke yake. Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Hukumu ya Achieng' Oneko ilitanguliwa na mahakama ya juu katika rufani; hata hivyo hakuachwa kwenda kwao, alizuiwa vivyo hivyo.

Karibu miaka minne ikapita. Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Kura zenyewe zilikuwa za ajabu: mtu aliweza kuwa na kura moja, au mbili, au tatu, kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake, na wengi hawakuwa nayo hata moja. Pwani ilimpeleka Ronald Ngala, mwalimu aliyepata kuwa mkuu wa shule ya Buxton hapa Mombasa. Nairobi ilimpeleka Tom Mboya. Nyanza ya Kati ilimpeleka Oginga Odinga. Hawa walikuwa wateule wa watu kwa maana kamili ya neno.

Mwaka uliofuata serikali ilileta katiba mpya iliyoongeza viti vya Waafrika, lakini ikaweka pia viti maalumu ambavyo vingejazwa kwa kura za Baraza lenyewe. Wajumbe wa Kiafrika walivikataa viti hivyo, na Waafrika waliokubali kuvigombea wakawaita kwa maandishi vibaraka na wasaliti. Serikali ikawafikisha Mboya na wenzake sita, na Odinga akiwa mmoja wao, mbele ya hakimu wa Nairobi kwa mashtaka mawili, ya njama na ya kashfa. Mtetezi wao alikuwa Pritt yule yule. Shtaka la njama likaanguka. Kwa kashfa walitozwa faini ya pauni 75 kila mmoja, yaani shilingi 1,500 za wakati ule.

Kesi hii ndiyo iliyo karibu zaidi na swali la kijana wa Feri. Maneno yaliyowapeleka mahakamani hayakuwa ya kuku wa jirani. Waliyasema kwa kuwa ni wajumbe, juu ya katiba, yaani juu ya kazi ile ile waliyotumwa na wapiga kura wao. Kama wangalifungwa, waliowachagua wangalikuwa hawana mtu wa kuwasemea Barazani. Na bado, ukiniuliza kama ingekuwa bora walipiwe wakili na hazina ya serikali ya kikoloni, nasita. Ni nani angalimchagua wakili huyo? Ni nani angalikadiria ujira wake? Ni yule yule aliyewashtaki.

Katika mwaka huo huo wa 1958, ng'ambo ya mpaka, Mwalimu Julius Nyerere, rais wa TANU, aliandika katika jarida dogo la chama, Sauti ya TANU, maneno makali juu ya mabwana shauri wawili. Akashtakiwa kwa kashfa Dar es Salaam. Huko nako aliingia Pritt, akisaidiwa na mawakili wa Tanganyika, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Nyerere hakumsukumia mhariri wala mpiga chapa. Alikubali kwamba maneno ni yake. Alipewa kuchagua faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Kulikuwa na uchaguzi mwezi Septemba, na wako waliotamani aende jela ili watu wawake. Faini ikalipwa, naye akatoka. TANU ilikuwa chama kilichoishi kwa ada na michango ya wanachama wake, wakulima na wachuuzi, na kiongozi wake alikuwa ameacha mshahara wa ualimu miaka mitatu kabla. Mtu wa namna hiyo hana cha kumpa wakili isipokuwa alichopewa na watu.

Wanafunzi wangu wapendao hesabu huwapa kazi hii. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Pauni 20,000 za hakimu wa Kapenguria ni shilingi 400,000. Faini ya Nyerere yaingia humo mara 133. Faini za wajumbe wote saba wa Nairobi, zikijumlishwa, ni shilingi 10,500. Hesabu hii haisemi nani alikuwa na haki. Yasema tu ni upande gani uliokuwa na sanduku.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka. Wale waliokuwa wakitafutiwa michango ndio waliokuwa sasa na funguo za hazina, na swali likapinduka juu chini. Zamani ilikuwa: watu watawasaidiaje viongozi wao mbele ya serikali? Sasa ikawa: viongozi watazuiwaje wasitumie serikali kujisaidia wenyewe?

Sheria ya Kenya imejaribu kulijibu kwa kutenga cheo na mtu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 156, yampa Mwanasheria Mkuu kazi ya kuiwakilisha serikali ya taifa katika kesi zote ambazo serikali ni mhusika, isipokuwa kesi za jinai. Sheria ya mwaka 2020 juu ya Mwanasheria wa Kaunti yafuata njia hiyo hiyo kwa kaunti. Nitoe mfano wa hapa kwetu, wa kubuni. Gavana akiamuru vibanda vilivyo karibu na Feri vibomolewe, na wachuuzi wakaenda mahakamani, Mwanasheria wa Kaunti atasimama kuitetea amri ile kwa fedha za kaunti, ambazo ndani yake mna ushuru wa wachuuzi hao hao. Yaudhi, lakini ni haki: amri ilikuwa ya cheo, na kesho akija gavana mwingine kesi itaendelea na yeye. Lakini gavana yule akishtakiwa kwamba alikula rushwa ili atoe vibanda vipya, hapo mshtakiwa ni mtu, wala si cheo. Mfuko ni wake. Na kama hana kitu? Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 50, yasema kwamba mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila ya hivyo patatokea dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wake. Haki hiyo si ya waheshimiwa. Ni ya kila mtu, na mheshimiwa aliyefilisika ataipata kwa mlango ule ule aingiao mvuvi wa Mtongwe.

Kesi za uchaguzi zimekaa katikati, na hapo ndipo maskini huumia. Atakaye kupinga ushindi wa gavana au mbunge hutakiwa na Sheria ya Uchaguzi aweke amana ya shilingi 500,000. Kwa mjumbe wa bunge la kaunti ni shilingi 100,000. Tume ya uchaguzi hutetewa kwa fedha za umma. Mshindi na mshindwa hujilipia, na kwa kawaida ashindwaye kesi hubebeshwa na gharama za mwenzake. Mtu mwema asiye na mali aweza kuchaguliwa kwa haki, kisha akafilisika kwa kuutetea uchaguzi wake. Sioni kwamba sheria yetu imelitazama jambo hilo vya kutosha.

Mataifa makubwa pia yamejikwaa hapa. Rais Bill Clinton wa Marekani aliposhtakiwa na mwanamke mmoja kwa mambo yaliyodaiwa kutendeka kabla hajawa rais, hazina ya nchi haikumlipia mawakili wake binafsi. Mwaka 1994 uliwekwa mfuko wa michango kwa ajili yake, na mchangaji hakuruhusiwa kutoa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Ni mchango kama wa TANU, lakini kumbuka kwamba apewaye hapa ni mwenye mamlaka tayari, na ampaye rais dola elfu huenda ana haja yake. Mchango umsafishao mnyonge waweza kumchafua mwenye nguvu. Ndiyo sababu ya kuwekewa kikomo.

Kenya ilipata mtihani wake mkubwa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwezi Machi 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Hague, Uholanzi, iliwaita Wakenya sita. Watatu kati yao walikuwa wabunge waliochaguliwa: Uhuru Kenyatta, William Ruto na Henry Kosgey. Kila mshtakiwa alikuwa na mawakili wake. Lakini mwisho wa mwezi huo Serikali ya Kenya nayo iliingia, ikiwakilishwa na mawakili wa Uingereza Geoffrey Nice na Rodney Dixon, kuiomba Mahakama iziache kesi hizo kwa kuwa Kenya yaweza kuzisikiliza yenyewe. Ombi lilikataliwa mwezi Mei, na rufani ikakataliwa mwezi Agosti. Kwa sheria, wale mawakili wawili walikuwa wa dola. Waliitetea mamlaka ya nchi, si mtu. Kwa macho ya mwananchi wa kawaida, ombi lile kama lingalikubaliwa, faida ya kwanza ingaliwafikia washtakiwa sita. Hapo ndipo mpaka wa cheo na mtu ulipofifia kama mstari uliochorwa mchangani maji yakijaa.

Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alichaguliwa kuwa Rais na Ruto kuwa Naibu wake, kesi zikiwa bado juu yao. Mwezi Oktoba 2014 Rais alitakiwa afike Hague yeye mwenyewe. Tarehe 6 alisimama Bungeni akatangaza kwamba atamwachia Naibu wake madaraka kwa muda, kwa kufuata kifungu cha 147 cha Katiba, aende kama raia. Tarehe 8 alikuwa mbele ya majaji. Wengine waliliona tendo hilo kuwa mchezo wa kuigiza, kwa maana heshima ya urais haivuliwi kama joho. Mimi naliona kuwa na maana. Alikiri mbele ya nchi nzima kwamba kizimba si mahali pa cheo. Mashtaka yake yaliondolewa mwezi Desemba mwaka huo, na kesi ya Ruto ikakomeshwa mwezi Aprili 2016.

Nikirudi kwa mzee na kijana wa Feri, mimi huegemea kwa mzee, lakini si kwa sababu ya kuku. Kijana alidhani kwamba hazina ya umma ni kama mama, asiyebagua kati ya wanawe. Historia ya nchi yetu haikubaliani naye. Hazina ina mlinzi, na mlinzi huyo ni serikali iliyopo madarakani. Ikiruhusiwa kulipa mawakili wa wateule katika kesi za jinai, kwa hiari yake, itawalipia walio karibu nayo na kuwasahau wapinzani wake, ambao ndio hushtakiwa kwa maneno waliyoyasema kwa ajili ya watu. Mboya na Odinga wa mwaka 1958 wasingepata kitu. Sheria iliyo sawa kwa wote, yaani wakili wa serikali kwa kila asiyejiweza, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa, ndiyo niliyo tayari kuitolea kodi yangu.

Mwanafunzi mmoja wa chuo chetu aliwahi kunipinga. Alisema kwamba viongozi waliopitia Kapenguria hawangeweza kusahau, kwamba aliyetetewa kwa senti za watu hawezi kuwanyima wengine utetezi. Nikamwambia asome habari za Kaggia na Oneko baada ya Uhuru. Wote wawili waliingia Bungeni mwaka 1963. Oneko alikuwa waziri. Mwaka 1966 walikihama chama cha Rais Kenyatta wakafuatana na Odinga katika Kenya People's Union, na katika uchaguzi wa mwaka huo wakapoteza viti vyao. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa kwa kufanya mkutano bila ya kibali. Oneko alikamatwa mwaka 1969 akawekwa kizuizini mpaka 1975. Hakusomewa shtaka, hakufikishwa mbele ya hakimu, na kwa hiyo suala la nani amlipe wakili wake halikuzuka.